Tangazo la Maji, Kibokoni

Juu ya mfereji mkavu wamebandika:
"Kufuatia mchakato wa uboreshaji wa miundombinu,
wadau wanahimizwa kustahimili
changamoto za upatikanaji."

Bi Shekuwe, mwalimu wa insha miaka thelathini,
katua ndoo, kavaa miwani.
Wadau? Ndiyo mimi na ndoo?
Kasoma tena, midomo ikicheza,
kama achambuaye mwatiko:
miba, miba, nyama haioni.

Kisha kalamu nyekundu.
Kakata mstari, kakata mstari,
kaacha muhuri tu.
Chini kaandika: Maji hakuna.
Kafikiri. Kaongeza: Hadi lini?

Alfajiri, wa kwanza kufika na mtungi
kakuta jibu, kwa wino wa ofisi:

Hatujui.

Na muhuri juu yake.