Chaneli ya Kumi na Moja

Walinilipa kwa dakika, si kwa neno.
Chumba cha chini kisicho na dirisha,
kuta zimevishwa sponji kama magodoro yaliyosimamishwa,
na Struan nyuma ya kioo, vidole juu:
tatu, mbili, sema.

Nikasema Glasgow.
Nikasema mto Clyde na winchi yake kubwa
isiyonyanyua kitu siku hizi ila macho ya wageni.
Nikasema kanisa kuu, mawe yake meusi kama sufuria ya matanga.
Hilo la sufuria halikuwamo kwenye karatasi.

Karatasi ilisema: karibuni ndani ya basi.
Mimi nikaongeza: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Struan akasimamisha mashine.
"Umezidisha sekunde mbili. Umesema nini hapo?"
Nikamwambia ni salamu tu, zetu ni ndefu.
Akaziacha. Mungu ambariki kwa sekunde zile mbili.

Aliyenitoa jasho ni jemadari wa shaba juu ya farasi,
maana watu wa mji huu humvika kichwani
koni ya barabarani, ile ya kuzuia magari.
Manispaa ikiitoa mchana, usiku imerudi.
Niiite nini? Taji? Kofia?
Nikachagua kofia. Nimejuta hadi leo.

Miezi minne baadaye, Jumanne ya rasharasha,
nikakata tiketi kama mgeni,
nikapanda juu kusiko na paa
kuchungulia kama kuna anayenibonyeza.

Wahispania namba nne. Wajerumani namba tatu.
Mtoto mmoja anabonyeza zote, mamake anamfinya.
Kumi na moja imelala.

Ndipo akapanda yeye,
muuguzi, nadhani, sare ya samawati chini ya koti,
zamu ya usiku bado imemkalia kwenye kope,
mkononi mkate wa yai umelowesha karatasi yake.
Akachomeka waya masikioni. Kidole kikapita tisa, kumi,
kikasimama.
Shingo yake ikanyooka
kama mtu aliyeitwa jina la nyumbani akiwa benki.

Sasa, siku ile barabara ya kanisani ilikuwa imechimbwa.
Dereva akakata kona nyuma ya maghala,
na sauti yangu, haina habari, ikaendelea na safari yake.
"Kushoto kwako," nilimwambia, "utaona kanisa kuu,
mahali pa sala kwa karne na karne."
Kushoto kwake palikuwa na gereji ya matairi.
Akasimama. Akaitazama kwa adabu:
matairi yamepangwa hadi darini, yanachuruzika maji,
na fundi wa ovaroli anakunywa chai mlangoni.
Akapiga picha. Mbili.
Fundi akampungia kikombe.

Mkono wangu ulifika nusu ya njia kuelekea begani kwake.
Ningesema nini? Na kwa sauti ipi?
Hii moja niliyo nayo ilishamtangulia masikioni.

Tulipofika kwa jemadari akapiga simu,
kaishika mbele ya mdomo kama anataka kuing'ata:
"Dada, usicheke. Humu ndani ya basi kuna mtu
anaongea kama shangazi Mwanahamisi wa Pangani.
Simjui! Amerekodiwa.
Eti jemadari kavaa kofia.
Kofia gani, wewe? Ile ni kawa.
Kawa kabisa, ya kufunikia wali."

Kawa.
Nikageuza uso kwenye mvua.
Mwezi mzima nimelitafuta neno hilo kwenye kamusi,
nalo lilikuwa jikoni kwa mama, juu ya sinia.

Kituo cha mwisho tukashuka wote, ila yeye.
Dereva alipanda kukagua viti, akashuka peke yake,
akaniwekea kidole mdomoni: amelala.
Basi likawaka, likaanza mzunguko mwingine,
nami nimesimama njiani na tiketi iliyolowa,
huku kule juu, ndani ya usingizi wa mtu,
namkaribisha upya,
sekunde mbili zaidi ya nilizolipwa.