Dakika Tano Kabla ya Kitabu

Saa moja na robo asubuhi, Sib, mwezi wa tisa.
Kitabu bado kimefungwa.
Nina dakika tano zisizo na mtihani
na darasa la nne lenye usingizi machoni,
makombo ya mkate wa rakhali kwenye kola.

Nagonga dirisha kwa ufunguo.
Kioo kimelowa. Nani kakimwagia maji?
Mkono wa Shuruki umesharuka: Mvua, mwalimu!
Mvua? Sib? Mwezi wa tisa?
Kicheko kinapita, usingizi unaondoka bila kufukuzwa.
Kiyoyozi kinavuja. Mfagizi ameosha.
Pitisheni kidole, nasema.
Wanapitisha. Ndani pakavu.
Jasho liko nje.

Nauliza kwa Kiarabu, lakini swali
nimelipika kwa Kiswahili, jikoni kwa mama,
ambaye kila alfajiri huniuliza, leo utawatega nini,
kana kwamba skuli ni baraza ya vitendawili.

Ghasani haongei.
Baba yake fundi wa viyoyozi;
yeye hukaa nyuma, chini ya tundu la baridi,
akilitazama dirisha kama mtu anayelijua kwao.
Siku ya tatu akanyanyua kidole,
na hakuja na jibu. Alikuja na swali:
"Kwa nini kiangazi kwetu tunazima hita
halafu tunaoga maji ya hita?"

Wakacheka mpaka meza zikagongana.
Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe,
kisha nikanyamaza, mfukoni sina kitu.

Usiku nikaingia bafuni na kipimajoto cha skuli.
Bomba la baridi, linaloshuka toka tangi la paani:
arubaini na nne.
Bomba la moto, kwenye pipa la hita
iliyolala tangu mwezi wa tano:
thelathini na moja.
Lenye alama ya buluu linaunguza,
lenye nyekundu linaburudisha.
Asubuhi nikaandika ubaoni namba mbili tu.
Tangi linakaa juani. Pipa linakaa nasi ndani.
Hakuna aliyecheka.

"Waulize na hili," akasema mama.
"Ibra, kwa baba yako, tulitundika mtungi mlangoni,
maji yakawa baridi ya kuuma meno.
Mtungi uleule nimeuleta huku pwani.
Unachuruzika tu, na maji yake
uvuguvugu, kama chai iliyosahauliwa.
Umerogwa?"

Nikawapelekea.
Kimya kirefu, kile ninachokipenda.
Muadhi akasema udongo umezeeka.
Shuruki akasema Ibra kuna upepo, na hakukosea sana.
Ghasani akasimama, macho sakafuni:
"Hewa ya hapa imeshiba, mwalimu.
Imekunywa bahari usiku kucha.
Mtungi unamkaribisha maji mtu aliyeshiba."
Na dirisha?
"Dirisha baridi. Hewa ikiligusa, inatapika."

Sikusahihisha neno.
Kitabuni limeandikwa mtonesho,
na lile la mtungi, mvukizo.
Yatakuja, kesho, keshokutwa.
Leo waache wacheke kutapika.

Kengele. Navuka mlango,
miwani yangu inageuka maziwa.
Kila siku huifuta kwa mtandio
na kila siku ukungu hurudi palepale.
"Usifute," sauti karibu na kiwiko changu.
"Ingoje ipate joto la huku nje. Hesabu."

Tukahesabu, mimi kipofu, yeye mwenye macho,
kwa Kiarabu mpaka ishirini,
kisha, sijui nani alianza,
ishirini na moja, ishirini na mbili,
kwa Kiswahili cha bibi yake, kumbe, na cha mama yangu.
Hamsini na tatu, ukingo wa kushoto ukafunguka:
kwanza kiatu chake, kamba haijafungwa,
kisha uwanja mzima, mweupe, unaopiga kelele.