Sekta ya Saba

Bohari la mkonge, Pongwe, saa nne usiku.
Kompyuta ya mzani, bodi moja tupu kama ungo,
imegoma kuwaka. Imebaki nukta
inayokonyeza: haya, sema.

Mwanakombo hana kipanya. Ana herufi.
S ni soma, A ni andika,
na A ikiponyoka kidoleni
miaka tisa ya uzito inakuwa sifuri.

Meneja kasema: futa tu, tuanze upya.

Kwanza S. Sifuri, saba.
Diski inakohoa, inatema tarakimu
safu kwa safu, na pembeni,
mkono wa marehemu karani Shekiondo:

MVUA LEO. MZANI BADO UNAPUNJA.
KILO TATU KILA MZIGO.

Anafuta jasho, si diski.
S tena. Sifuri, nane.