Bizari, Bezari

Nangobi karudi na neno la Kiingereza,
herufi tano: a, b, h, o, r.
Mwalimu analitaka kesho, na maana, na sentensi.
Kamusi yetu, isiyo na jalada tangu mvua ya Pasaka,
inasema: kuchukia sana.

Sana kiasi gani, mama?
Sana ya chai tamu sana,
au sana ya mtu kuvuka barabara
asikanyage kivuli chako?

Sikujua. Nikamshika mkono
tukashuka hadi dukani kwa Bi Rukhsana,
nyuma ya soko la Jinja, pale mizani ya shaba
bado inapima kwa mawe ya zamani.
Alikuwa akichambua mchele. Hakuacha.

"Kwetu," akasema, "neno hilo ni nyumba ya kupanga.
Kuna nafrat: huyo ana sauti, anapenda mikutano,
hupaka rangi milango ya watu.
Kuna ghin: huyo hakai kichwani, hukaa hapa,"
akajigusa chini ya mbavu,
"kama unywele ndani ya uji.
Kuna karahat..."

Karaha! nikadakia,
kama mtu aliyemwona binamu kwenye foleni ya benki.
Hiyo yetu!
Akatabasamu upande mmoja.
"Mwarabu alimgawia kila mtu.

"Halafu bezari."
Nangobi akacheka, akaonyesha kopo rafuni,
unga wa manjano, BIZARI, kijiko shilingi mia tano.
"Siyo hiyo, mwanangu. Bezari ni chuki iliyochoka.
Imevua viatu, imeketi,
haina haja hata ya kufunga mlango."

Nikauliza lisiloulizwa dukani:
Na zile siku tisini, baba yako alipoacha ufunguo
kwa jirani? Lipi kati ya hayo?
Chuya moja. Chuya ya pili.
"Mwanzo yote manne, kwa zamu.
Sasa nawauzia viungo wajukuu wa yule jirani.
Nawapunguzia bei. Usiniulize hilo linaitwaje."

Njiani nikamkumbuka mama, Naigaga,
ambaye lugha hii ninayoandikia
haijavuka kizingiti chake.
Anajua sentensi tatu tu, na zote ni za kizuizini:
Lala chini. Toa saa. Usiangalie.
Mimi nilifundishwa na dereva wa lori, nikaolewa naye,
na siku ya harusi mama aliwasalimu wakwe
kwa kichwa tu.
Si nafrat. Hajawahi kuipigia kelele.
Ila ikisemwa redioni, mabega yake hupanda yenyewe,
mkono ukatafuta saa isiyokuwepo.
Labda hilo ndilo neno la mwalimu:
mwili kurudi nyuma
kabla akili haijaulizwa.

Sikumwambia Nangobi. Aliandika sentensi yake mwenyewe:
anachukia mno maharage ya shule, hasa ya Alhamisi.
Akapata vema, ya wino mwekundu.

Jioni mama alikuwa jikoni anakoroga maharage yetu.
Kwa Kisoga chake safi, kisicho na doa,
akanituma nimletee binzaali.

Nikamletea.
Sikusema kitu.