Vipimo

Nilibofya mimi. Ankara ya nyuzi, ilisema,
na Jumatatu ile mvua ya Leeds ilinichosha macho,
sikuona anwani imepinda herufi moja.

Kabla chai haijapoa
vipimo vya miaka tisa vimekwisha kufungwa:
mabega, viuno, mapindo ya suruali,
na mtu tusiyemjua anadai kikombozi
cha kiuno cha Bibi Ollerenshaw.

Salha hakunigombeza. Alitundika utepe shingoni
akawapigia wateja mmoja mmoja: njoo nikupime upya.
Wakaja. Danuta amepungua, hasemi kwa nini.
Mzee Hoyle, bega la kushoto limeshuka
tangu amzike mkewe.
Kompyuta isingetuambia hayo.
Lakini harusi mbili zilikwenda kwa fundi mwingine,
na pango la Machi tulilikopa.

Sasa kila Ijumaa nanakili yote kwenye diski,
naichomoa,
naizika ndani ya kopo la vifungo.
Nywila yetu ni ndefu kuliko mkia wa shela.
Ankara ikija, hata ya jamaa,
nainua simu kwanza:
ni wewe kweli?