Blanketi la Chui

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu hapa Sohar.
Mchungaji akaninyoshea kidole: wewe, dada wa Wundanyi,
una sauti, tusomee Kutoka ishirini na mbili.
Nikasimama, nikasoma kama mtu asomaye bei dukani,
mpaka penye vazi la maskini lililowekwa rehani,
kwamba arudishiwe jua lisijechwa,
kwani hana lingine; atajifunika nini?
Hapo ulimi ukanikauka.
Walidhani nimeguswa na Roho.
Niliguswa, ndiyo,
kama mtu anavyoguswa begani na anayemdai.

Maana chini ya godoro langu, chumba namba sita,
limekunjwa blanketi la Eliaika,
zito, la manyoya, chui wawili wamekodoa macho.
Alilinunua sokoni kwa riyali nne na nusu.
Mimi nalishikilia kwa kumi na tano.

Sikumwibia. Tuliandikiana.
Mwezi wa tatu alinijia na simu mkononi:
mwanawe karudishwa nyumbani, Machame, kwa ajili ya ada.
Nikamhesabia noti, nikasema, weka kitu.
Akaweka hicho. Hakuwa na kingine.
Mama alinifunza mapema:
kukopa harusi, kulipa matanga.

Nje ni nyuzi arobaini na sita,
lami inanata kwenye soli,
nani angedhani blanketi ni kitu?
Lakini rimoti ni ya Chandrika, kitanda cha juu,
mwanamke asiyeijua baridi;
huteremsha mpaka kumi na sita, halafu anakoroma.
Na kiyoyozi chenyewe kibovu,
usiku kucha kinagongagonga ndani kwa ndani.
Miezi mitatu nimemwona Eliaika
akivaa sare ya kazi juu ya gauni la kulalia,
akifunga miguu kwa taulo.
Nami nageukia ukutani, nasali sala ya jioni.

Siku ile nilitafuta mlango wa kutokea ndani ya aya.
Nilisema: hiyo ni sheria ya watu wa jangwani.
Nikatazama dirishani. Mchanga, mpaka milimani.
Nilisema: imetaja jua kuchwa,
nasi basi la kampuni hutushusha saa mbili usiku;
adhana ya magharibi hutukuta wodini,
ndoo mkono huu, deki mkono huu.
Jua limeshachwa, aya imepitwa na wakati wake
mpaka kesho, na kesho vivyo hivyo.
Nikajiona mwanasheria.
Kisha nikajiona mjinga.

Nililitoa taa zimezimwa, ili asinishukuru.
Nikamfunika kuanzia miguuni.
Hakushukuru. Alisema, "Mbona linanuka naftalini?"
akalivuta hadi masikioni, akanyamaza.
Haikupita dakika kumi, kule kugongagonga kukakoma.
Nikainua kichwa, nikakitazama kiyoyozi:
taa yake ya kijani inawaka, upepo unatoka kama kawaida.
Kumbe siku zote hizo
yalikuwa meno yake.

Sitasema uongo. Deni liko palepale daftarini,
kumi na tano, wino wa bluu, sikulifuta.
Aya haikusema nifute;
nimeirudia mara tatu kuhakikisha.

Na asubuhi, kwenye foleni ya bafu, mswaki mdomoni,
Eliaika ananiomba riyali mbili za vocha:
mtoto kang'oka jino la kwanza,
anataka kumsimulia mama yake.

Ipo aya ya hilo pia. Naijua ilipo,
kule mlimani, jirani na lile shavu la pili.
Nimemwambia mchungaji, Ijumaa ijayo asome mwingine.
Lakini mkono wangu, bila kuniuliza,
umekwisha kutangulia mfukoni.