Kesho Tatu

Santuri ilifika Kisumu kwa gari moshi la mizigo,
ndani ya kreti la vipuri vya injini,
imeviringishwa gazeti la majuma matatu nyuma.
Baba yangu, Elkana Ombewa, karani wa stoo,
aliipokea kwa sahihi, pamoja na nati na boliti.

Lenny Stroud na Wenye Kandili,
hivyo ndivyo alivyotutafsiria.
Picha haikuwepo. Bahasha ya kaki tu,
yenye tundu katikati, jina likichungulia
kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Ya kwao tuliyapata vipande vipande,
kwenye magazeti yaliyofungia sukari:
kwamba Lenny alianzia chini ya mkahawa, mji wa bandari,
gitaa la mkopo, shati la kaka yake;
kwamba mpiga ngoma alikuwa mwoka mikate
akipanda jukwaani na unga nyusini;
kwamba wasichana walimng'oa Lenny vifungo vya koti
mpaka mama yake akachoka kushona.
Nyimbo tatu zikapanda. Ya nne ikakaa.
Kisha wakaja vijana wengine, nywele zimefunika masikio,
na Kandili zikaishiwa mafuta.

Habari hiyo ya mwisho haikufungia sukari yetu.

Kwetu Kaloleni, Lenny ndiyo kwanza anazaliwa.
Jumamosi baba alitoa gramafoni uani,
akaizungusha mkono kama anayesaga,
na sindano za dukani zilipokwisha
alichonga mwiba wa mchongoma, ukatosha.
Wadudu wa ziwa walianguka juu ya santuri,
wakazunguka nayo, wakasagika ndani ya wimbo.

Sasa niseme.
Jumapili moja, wote wakiwa kanisani,
nilibaki nyumbani na homa ya kusingizia.
Nilikuwa na miaka sita. Mwiba uliteleza.
Mkwaruzo wenyewe mfupi kuliko ukope.
Tangu siku ile, Lenny akifika pale
anapomwahidi mtu kwamba atarudi kesho,
aliruka, akarudi, akaruka:
kesho, kesho, kesho, ndipo akapita.

Baba aliinua kichwa mara moja.
Hakuuliza. Akateremsha kichwa.

Baadaye wakaja akina Shem Aduda na Nashon Kengeza,
magitaa mawili, moja la mbao za kreti,
wakasikiliza kama wanaosomewa wosia.
Wakajiita Kandili za Ziwani.
Wakajifunza kila kitu: kikohozi cha gitaa,
pumzi ya Lenny kabla ya beti la pili,
na kosa langu.
Shem alilitia Kijaluo, kiny, kiny, kiny,
likaimbwa arusini, likaimbwa matangani,
na usiku ule wa Desemba bendera ya zamani iliposhuka
ukumbi mzima ulilipiga kwa miguu
hata vumbi la sakafu likaomba njia.

Usiku huohuo, au mwingine wa jirani yake,
Lenny alikuwa pwani ya kwao, kwenye baridi,
akiwaimbia wazee waliofunika magoti kwa blanketi.
Mwoka mikate alikuwa amerudia tanuri.
Mwaka uliofuata Lenny alifungua duka la rangi za nyumba.
Haya niliyajua nikiwa na mvi,
wala sijui kama kuna aliyewahi kumwambia
kwamba Kisumu bado alikuwa kijana.

Mwaka wa themanini na tisa, kibandani Nakuru,
nikaukuta kwenye kaseti, wimbo safi, hauna doa.
Nikampelekea baba. Alikuwa amestaafu,
amebaki na saa ya reli na kikohozi.
Akaketi. Mguu ukaanza kupiga.
Lenny akafika kwenye kesho,
akaisema mara moja, akaenda zake.
Mguu wa baba ulibaki hewani.

"Hii imeharibika," akasema. "Kairudishe."

Miaka ishirini na saba nilikuwa na la kumwambia.
Nikaitoa kaseti, nikaipangusa kwa shati.
"Ndiyo, baba," nikajibu. "Kesho."